Kasumbalesa: lori likilala upande, tafuta kwanza mahali hewa inapotoka

Malori yanayotoka Lubumbashi kuelekea Zambia hulala foleni Kasumbalesa. Asubuhi, si ajabu dereva kukuta trela imeinama upande mmoja: mfuko wa mpira unaobeba mzigo kwa nguvu ya hewa umeshuka usiku.

Wengi hulaumu kompresa na kununua nyingine. Mara nyingi ni pesa za bure. Kompresa huchoka kwa kujaza bila kupumzika hewa inayotoroka kwenye tundu dogo. Tundu likibaki, ile mpya nayo itakufa.

Sabuni kidogo ndani ya maji inatosha kuanza. Jaza hewa, zima injini, kisha paka povu kwenye maungio ya tiyo, kwenye valvu inayosawazisha kimo cha gari, na hasa chini ya mfuko, pale mpira unapojikunja na vijiwe hukwama. Panapochemka mapovu ndipo penye tundu.

Tiyo ya plastiki iliyokatwa kwa pensi hupondeka ncha na haifungi vizuri. Ikatwe wima, kwa wembe. Mfuko uliopasuka hubadilishwa. Kuufunga kwa kipande cha mpira wa gurudumu, kama tunavyoona barabarani, ni kucheza na trela iliyojaa shaba.

Fundi asiingie chini kabla ya kuegemeza shasi kwa stendi za chuma, maana hewa ikitoka ghafla gari lote hushuka. Breki nazo hutumia hewa ya kompresa ileile: sindano ya presha yao ikiendelea kushuka, lori lisiondoke.