Mzazi Hutafuta “Kukojoa Damu”

Mzazi wa Chaani au Kinyasini aonapo damu katika mkojo wa mwanawe, haandiki kwenye simu “skistosomiasisi ya njia ya mkojo”. Huandika “mtoto anakojoa damu”, au “kichocho” akilijua jina. Ukurasa wa daktari usio na maneno hayo huwa vigumu kumfikia. Atakayemfikia mwanzo huenda akawa muuza mitishamba, ambaye hurudia “dawa ya kukojoa damu” katika kila sentensi, mpaka ukurasa wake ukasomeka kama mnada wa samaki wa Darajani.

Hila hiyo si ya kuigwa. Mwaka 2011 Google ilianza kuzishusha kurasa hafifu, na kanuni zake zinakataza kurundika maneno kwa ajili ya kupanda juu. Na hata kama hila ingefaulu, mzazi angefika asikute jibu.

Inashangaza kidogo kwamba Kiunguja, kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kinalo neno “kichocho”, nasi tunakimbilia Kilatini. Kichwa cha habari na kiwe “Mtoto anakojoa damu: huenda ni kichocho”, na jibu lifuate papo hapo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, navyo huingia mwilini kupitia ngozi mtoto anapooga kijitoni au bwawani. Maji ya bahari hayaambukizi. Tiba ni prazikuanteli, ambayo dozi yake ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kichocho kisipotibiwa huharibu kibofu na figo. Ukurasa useme pia kwamba damu yaweza kuletwa na mawe au maambukizi mengine, hivyo mkojo upimwe kwanza. Jina la kitaalamu halitupwi: litajwe chini kidogo, kwa kuwa wauguzi na wanafunzi hulitafuta hilo.

Tarehe ya mapitio iwekwe waziwazi. Kurasa za zamani huzungumzia dawa ya kinga kwa watoto wa skuli peke yao, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 umepanua ugawaji wa dawa hiyo katika jamii zenye maambukizi, kuanzia umri wa miaka 2, wakiwamo watu wazima na wajawazito waliopita miezi mitatu ya mwanzo. Ukurasa mkongwe waweza kubaki juu kwa miaka, na mama mjamzito akausoma usiku akaamini kwamba dawa haimhusu.