Nyasa kwa Baiskeli: Mita 825 za Mteremko na Mita Saba za Lami

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami. Kwa gari ni mwendo wa saa moja na ushee. Kwa baiskeli yenye mizigo ni siku nzima, na ni siku mbili kwa msafiri anayetaka kusimama kwenye mashamba ya kahawa na kulala njiani. Tofauti hiyo ya muda ndiyo mtaji wa Wilaya ya Nyasa. Anayepita kwa gari hununua soda moja na kuendelea na safari. Anayekanyaga pedeli atakula mara tatu, atalala, atatafuta fundi na maji ya kunywa, na fedha yake itabaki kijijini.

Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, bado haijajipanga kumpokea mgeni wa namna hiyo. Wengi hudhani ni kwa sababu fedha hazipo. Hesabu inaonyesha kwamba gharama kubwa imeshalipwa, na kilichobaki ni kidogo kuliko tunavyofikiri.

Mlima una bei gani?

Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mbinga mjini ni kama mita 1,300. Tofauti ni mita 825, na hicho ni kiwango cha chini, maana barabara ya Umatengo, nchi ya Wamatengo, hupanda na kushuka vilima vingi kabla ya kuteremka ziwani.

Chukua mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 15 na mizigo ya kilo 15. Jumla ni kilo 100. Kuzipandisha mita 825 kutoka ziwani kunadai kilojuli 809. Msafiri wa kawaida anayekanyaga kwa nguvu ya wati 100 atatumia saa 2 na dakika 15 kwa kazi ya kupanda peke yake, kabla hatujahesabu upepo na msuguano wa matairi. Misuli hugeuza karibu asilimia 23 tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na inayobaki hutoka kama joto na jasho. Kwa hiyo mwili utachoma kama kilokalori 840, sawa na zile zilizomo katika karibu robo kilo ya unga wa mahindi. Ndiyo maana mama lishe ni sehemu ya barabara hii kama ilivyo lami yenyewe.

Hesabu hiyo hiyo inatupa bei ya mzigo. Kila kilo moja kwenye karieri inaongeza sekunde 81 za kukanyaga kutoka ziwani hadi Mbinga. Mchuuzi akipandisha gunia la dagaa la kilo 50, gunia hilo peke yake linamdai zaidi ya saa moja. Kwa mtalii, lita 4 za maji ni kilo 4, yaani dakika 5 na sekunde 24. Kijiji chenye maji salama kila baada ya kilomita 15 kinamwondolea sehemu kubwa ya mzigo huo, na kinampa sababu ya kusimama.

Kushuka nako kuna gharama

Kilojuli 809 hazipotei mtu anaposhuka. Kama zote zingeishia kwenye breki, zingetosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji kutoka nyuzi 25. Ukienda kasi, sehemu kubwa huchukuliwa na upepo. Kwenye kona kali huwezi kwenda kasi, kwa hiyo joto huingia kwenye rimu.

Itazame baiskeli ya Phoenix yenye breki za vyuma. Kinachokushikilia mlimani ni vipande vidogo vya raba vinavyobana rimu. Raba ikipata joto hulainika na kushika vibaya, na rimu ikizidi moto, tyubu inaweza kupasuka. Kanuni ni kubana na kuachia badala ya kubana mfululizo, kusimama kila baada ya kilomita chache, na kusogeza kiganja karibu na rimu. Ukihisi moto, pumzika. Jozi mpya ya raba za breki ni bei ndogo sana ukilinganisha na kinachoweza kutokea konani.

Kusimama huko si hasara. Kwenye miteremko ya Umatengo utaona ngoro, mashimo ya mraba yaliyopangwa safu kwa safu shambani. Mkulima hulaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana, kisha hufukia kwa udongo unaochimbwa katikati. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kukimbia na udongo, na nyasi zikioza zinakuwa mbolea. Wamatengo wameilinda ardhi yao ya mteremko kwa njia hiyo kizazi baada ya kizazi. Aliye ndani ya gari huzipita ngoro hizo kwa sekunde chache.

Ufukweni: upepo ndio mlima

Ukifika Mbamba Bay kuna njia mbili za wazi. Ya kusini inaelekea Chiwanda na mpaka wa Msumbiji, ulioko kama kilomita 30 ukipima kwa mstari ulionyooka. Ya kaskazini inaelekea Liuli. Kwa mstari ulionyooka nako ni kati ya kilomita 25 na 30, ila barabara inazunguka ghuba na vilima na hivyo ni ndefu zaidi.

Huku kinachokupunguza mwendo ni upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya ziwa. Ukikanyaga kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15 kwa saa, mwili wako unakutana na hewa ya kilomita 30 kwa saa, na nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma ni mara nne ya siku tulivu. Kwa hiyo panga kwenda Liuli mchana ukisukumwa na upepo, na kurudi alfajiri ukiwa umetulia. Masika ni suala jingine: barabara za udongo huteleza, na miezi ya Juni hadi Oktoba ni salama zaidi.

Liuli ina sababu zake za kumvuta mgeni. Lipo jiwe la Pomonda, ambalo Wajerumani waliliona lina umbo la Sfinksi wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ipo pia Hospitali ya Mtakatifu Anna ya Kanisa la Anglikana, jambo la maana kwa yeyote anayesafiri kwa magurudumu mawili. Tahadhari moja ya ziwani: kichocho kipo Ziwa Nyasa, hivyo uliza wenyeji kabla ya kuoga.

Pasipofaa kukanyaga

Kabla ya Mbinga kuna safari ya kutoka Songea, kama kilomita 100. Sehemu ya Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Ni lami nzuri, lakini malori ya makaa ya mawe ya Ngaka huitumia kuanzia eneo la Kitai kuelekea Songea. Lori lenye shehena kubwa na baiskeli havifai kugawana njia nyembamba. Ushauri wangu ni huu: pakia baiskeli kwenye basi hadi Mbinga, na uanzie safari hapo.

Sasa fedha

Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, iliyojengwa na Serikali kwa ushirikiano na Benki ya Maendeleo ya Afrika, iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 100. Gawanya kwa kilomita 66: ni zaidi ya bilioni 1.5 kwa kilomita, au milioni 1.5 kwa mita moja.

Tuweke bei za mfano, ambazo msomaji anaweza kuzibadilisha. Chumba 30,000, milo mitatu 15,000, kiongozi wa njia 25,000, maji na matunda 5,000. Jumla ni shilingi 75,000 kwa siku. Safari ya siku tano (Tingi iliyo njiani, Mbamba Bay, Chiwanda, Liuli na kurudi) ni 375,000. Wageni 100 kwa mwaka wataacha milioni 37.5.

Kiasi hicho ni bei ya mita 25 za lami. Hakitalipa barabara, wala haikujengwa kwa ajili hiyo. Uzito wake uko mahali pengine: kinaingia mkononi mwa mwenye nyumba ya wageni, mama lishe, fundi na kijana anayejua njia.

Matayarisho je? Vibao 40 vya njia kwa 50,000 kila kimoja ni milioni 2. Vifaa vya mafundi sita (pampu, viraka, solusheni, spoku, cheni) kwa 400,000 kila mmoja ni milioni 2.4. Matangi matano ya maji safi ni milioni 2.5. Mafunzo ya huduma ya kwanza ni milioni 2, na ramani milioni 1.1. Jumla ni milioni 10. Hizo hazifiki mita saba za lami.

Rwanda imeshaonyesha kwamba inawezekana. Njia ya Kongo-Nile kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, ina kilomita 227, na waendesha baiskeli huimaliza kwa takriban siku tano, yaani kilomita 45 kwa siku. Wenzetu hawakungoja lami kila mahali. Waliichora njia, wakaipa jina, wakaitangaza.

Halmashauri ya Nyasa na ya Mbinga zikae meza moja na vijiji vya njiani, zitenge milioni hizo 10 katika bajeti moja tu, na zianze na vibao na mafundi. Wananchi wa Mbamba Bay wamelisubiri ziwa lao liwalipe kwa muda mrefu. Kwa barabara iliyokwisha kujengwa, hakuna sababu ya kuwasubirisha zaidi.