Pingili Zinapoungana: Ugonjwa wa Forestier na Mgongo wa Uzeeni

Uti wa mgongo wa binadamu umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambazo kati yake mna visahani vya gegedu vinavyopunguza mshindo, na mbele yake hupita ukano mrefu unaozifunga kutoka shingoni hadi kiunoni. Ukano huo unapogeuka mfupa, taratibu na kwa miaka mingi, hutokea hali ambayo wataalamu huiita haiparostosisi enezi ya mifupa isiyojulikana chanzo, kwa kifupi cha Kiingereza DISH, jina refu ambalo likichambuliwa linakiri tu kwamba sababu yake haijapatikana. Jina jepesi zaidi ni ugonjwa wa Forestier, kwa kuwa Jacques Forestier wa Ufaransa na Jaume Rotés-Querol wa Hispania ndio waliouchambua mwaka 1950.

Katika picha ya eksirei mfupa huo mpya huonekana umetambaa mbele ya pingili kama utomvu uliochuruzika juu ya gome la mti na kugandia hapo. Vigezo vilivyowekwa na watafiti Resnick na Niwayama mwaka 1976 vinataka angalau pingili nne zinazofuatana ziwe zimeunganishwa hivyo, huku visahani vya gegedu vikibaki na kimo chake na maungio ya uti wa mgongo na nyonga yakiwa hayajaliwa. Sharti hili la mwisho ndilo linaloutenga ugonjwa huu na baridi yabisi ya uti wa mgongo, ambayo huwashika vijana na ni adimu miongoni mwa Waafrika. Kifua kikuu cha mgongo nacho huenda kinyume kabisa, kwani chenyewe hula pingili na gegedu badala ya kuongeza mfupa. La kushangaza ni kwamba kifuani mfupa huu hujitokeza zaidi upande wa kulia, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kuwa mapigo ya mshipa mkuu wa damu ulio kushoto huuzuia kukua huko. Watu wachache waliozaliwa viungo vyao vya ndani vikiwa vimegeuka, mfupa huo huwaota kushoto.

Wanaopatwa zaidi ni waliovuka miaka 50, hasa wanaume, wanene, wenye kisukari cha ukubwani na wenye jongo. Wengi hawahisi lolote zaidi ya mgongo uliokakamaa asubuhi, au maumivu ya kisigino na kiwiko pale kano zinaposhikana na mfupa, na mfupa ukiota shingoni unaweza kulibana umio hata tonge la ugali likapita kwa shida.

Mwandoya, mji mdogo wa wilaya ya Meatu katika mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ni mahali pa wakulima wa pamba na wafugaji, ambako mgongo wa mzee ukikakamaa jembe ndilo hulaumiwa kwanza. Lakini Simiyu imo katika ukanda wa Tanzania ambao baadhi ya maji yake ya ardhini yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na Tanzania yenyewe, kwa uhaba wa maji vijijini, iliwahi mwaka 1974 kuruhusu kwa muda hadi miligramu 8. Floridi nyingi ikinywewa kwa miaka mingi hugeuza kano kuwa mfupa vilevile, kiasi kwamba picha ya mgongo peke yake inaweza kumpotosha msomaji wake. Tofauti hutafutwa kwingine: katika sumu ya floridi mifupa huwa mizito na myeupe kupita kawaida, utando kati ya mifupa miwili ya kigasha huota mfupa, na aliyekunywa maji hayo tangu utotoni huwa na meno yenye madoa ya kahawia. Kwa hiyo tabibu wa huko anayeuliza kuhusu kisukari bila kuuliza kuhusu kisima amefanya nusu ya kazi. Kuchemsha maji hakuondoi floridi, bali huizidisha ukali maji yanapopungua, na magadi ya kulainishia mboga nayo huongeza yake.

Hakuna dawa inayoyeyusha mfupa ulioota, hivyo tiba ni mazoezi, kupunguza uzito, kudhibiti sukari na kutuliza maumivu. Hatari kubwa ipo penginepo. Pingili zilizoungana haziwezi tena kugawana mshindo, kwa hiyo mgongo huvunjika kama mfupa wa paja, na kuanguka kudogo tu, kwenye baiskeli au kutoka kitandani, kunatosha. Eksirei ya kawaida mara nyingi haiuoni mpasuko huo, na sehemu mbili zilizovunjika zikisogea zinaweza kuukata ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva ipitayo ndani ya pingili, saa au siku kadhaa baadaye. Mzee mwenye mgongo uliopinda asinyooshwe kwa nguvu juu ya ubao. Abebwe katika umbo alilokuwa nalo kabla ya kuanguka, kichwa kikiegemezwa kwa mto au nguo, na apelekwe hospitali yenye skani ya CT, hata kama ameinuka na kutembea mwenyewe.