Yukiko Kada na siasa zilizoota kando ya Ziwa Biwa

Julai 2006, wapiga kura wa mkoa wa Shiga, magharibi mwa Japani, walimwondoa madarakani gavana aliyeungwa mkono na chama tawala cha LDP, mshirika wake Komeito na hata chama kikuu cha upinzani cha wakati huo. Aliyemshinda, kwa tofauti ya kura zaidi ya 30,000, alikuwa profesa wa chuo kikuu, Yukiko Kada, mwanamke wa tano tu kuwa gavana katika nchi yenye mikoa 47. Ni rahisi kuuita ushindi huo bahati. Lakini safari yake nzima, mkoani na bungeni, inaonyesha jambo jingine: Kada alishinda pale aliposimamia jambo alilolijua kwa undani, mbele ya watu waliomjua, na alianguka pale alipoazima nguvu za wengine.

Alizaliwa mwaka 1950 mkoani Saitama, akasoma Chuo Kikuu cha Kyoto, kisha akatumia miaka mingi kuchunguza jinsi wakazi wa pembezoni mwa Ziwa Biwa wanavyoishi na maji. Ziwa hilo, kubwa kuliko yote Japani, huwapatia maji watu takriban milioni 14. Mwaka 1977 maji yake yalipogeuka rangi kwa uchafuzi, wanawake wa Shiga walikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya kuacha sabuni za unga zenye fosfeti, na mwaka 1979 mkoa ukapitisha sheria ya kuzipiga marufuku. Kwa hiyo Kada alipoingia katika siasa, alikuta raia waliokwishajifunza kuhoji na kushinda. Yeye aliwapa utafiti na sauti.

Hoja yake kuu mwaka 2006 ilikuwa kusimamisha ujenzi wa stesheni mpya ya treni za mwendokasi mjini Ritto, mradi wa takriban yen bilioni 24 ambao mzigo wake mkubwa ungebebwa na mkoa na miji ya eneo hilo. Kaulimbiu yake ilikuwa neno “mottainai”, onyo dhidi ya ubadhirifu, neno lilelile ambalo Wangari Maathai wa Kenya alikuwa ameanza kulieneza duniani baada ya kuzuru Japani mwaka 2005. Mwaka 2007 mradi ulifutwa.

Wapo watakaosema kwamba kupinga ni rahisi kuliko kujenga, na kwamba gavana anayefuta stesheni na kutilia shaka mabwawa ya kuzuia mafuriko, kama alivyofanya Kada, anawanyima watu wake maendeleo. Pingamizi hilo lina uzito, kwani mafuriko hayazuiwi kwa kaulimbiu. Jibu limo katika kazi aliyoifanya baadaye. Mkoa ulichora ramani za maeneo yanayoweza kuzama, ukihesabu hata mifereji midogo, na Machi 2014 ukapitisha sheria inayodhibiti ujenzi wa nyumba mahali penye hatari kubwa. Huo ni ujenzi pia, ingawa hauzinduliwi kwa kukata utepe. Nao wakazi walikwishatoa hukumu mwaka 2010, walipomrudisha madarakani kwa kumpigia kura zaidi ya 400,000.

Anguko lake lilitokea katika siasa za kitaifa. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima ya mwaka 2011, Kada alisema kwamba Shiga, ingawa haina kinu cha nyuklia, ina haki ya kusikilizwa kwa sababu inapakana na Fukui yenye vinu vingi. Hoja hiyo ilikuwa thabiti. Chombo alichokichagua kuibeba ndicho kilichokuwa dhaifu. Mwishoni mwa Novemba 2012, wiki chache tu kabla ya uchaguzi mkuu, alizindua chama kipya kilichojazwa na wafuasi wa mwanasiasa mkongwe Ichiro Ozawa. Wabunge 61 ambao chama hicho kilikuwa nao kabla ya kura wakabaki 9, na kabla mwaka haujaisha chama kikapasuka. Bunge la mkoa nalo lilimtaka aache kuvaa kofia mbili. Mshika mbili moja humponyoka. Kada akauachia uongozi wa chama.

Je, basi mahali pake palikuwa mkoani tu? Baada ya kuondoka katika ugavana, mwaka 2017 alishindwa kuingia baraza la chini la bunge, lakini mwaka 2019 wapiga kura walewale wa Shiga walimpeleka baraza la juu akiwa mgombea binafsi. Baadaye alijiunga na chama kidogo kilichoungana na chama kingine, Ishin, mwaka 2024, ishara kwamba bungeni ni vigumu kusimama peke yako. Ugavana hupigiwa kura moja kwa moja na wakazi. Ubunge hupitia zaidi mikononi mwa vyama, na vyama vya Japani vimekuwa vizito kuwateua wanawake. Katika uchaguzi wa mwaka 2021, wanawake walipata viti 45 kati ya 465 vya baraza la chini.

Japani ilipata waziri mkuu mwanamke wa kwanza, Sanae Takaichi, Oktoba 2025. Ni hatua kubwa, lakini tusiipime siasa ya wanawake kwa kiti cha juu peke yake. Tuipime pia kwa wanaofanya kama Kada: wanaoijua ardhi yao na maji yake, wanaotetea hoja kwa ushahidi, na wanaokubali kuhukumiwa na jirani zao. Vyama vinavyotaka viongozi wa aina hiyo viwatafute mikoani, kabla kampeni hazijaanza.