Mgeni Ambaye Kila Mtu Anamwona



Hapa Lubumbashi tunapokea wageni wanaokuja kujitolea katika masomo, zahanati na vituo vya watoto. Binti wa Ulaya akipita Kenya au Katuba, watoto wanaacha mchezo na kumfuata: «Muzungu! Muzungu!» Sokoni bei ya nyanya inapanda. Ndani ya basi macho yote ni kwake. Si kwa nia mbaya. Lakini mtu anayeitwa kwa rangi yake kutwa nzima, jina lake litajulikana lini?

Jambo hili si jipya. Baada ya uhuru wa 1960, walimu wengi Wabelgiji waliondoka, na UNESCO ikasaidia kuleta walimu kutoka Haiti. Hao walikuja kwa mkataba, na ngozi yao ilikuwa kama yetu; hata hivyo walikuwa wageni, kwa lugha na desturi. Kumbe ugeni si rangi tu. Kisha, kuanzia 1970 mpaka 1991, walikuwako Wamarekani wa Peace Corps. Mmoja wao, Mike Tidwell, alikaa miaka miwili Kalambayi, Kasai, akifundisha wakulima kuchimba mabwawa ya samaki. Alipowafikia, alikuwa muzungu. Kazi ndiyo iliyompa nafasi kati yao.

Kuna pia woga. Babu zetu walisimulia habari za batumbula, waliosemekana kukamata watu usiku kwa ajili ya wazungu. Hadithi hiyo ilikua wakati wa ukoloni, na maumivu yake tunayaelewa. Lakini leo bado kuna mama anayemwambia mtoto: «Usipokula bukari, muzungu atakubeba.» Siku mtoto huyo anapelekwa chanjo na kumkuta muuguzi mgeni, analia mpaka anakosa pumzi. Tumemtisha sisi wenyewe, na anayepata hasara ni mtoto wetu.

Tufanye nini? Tuwafundishe watoto kuuliza jina na kusalimu: «Jambo, mama.» Tumuuzie mgeni kwa bei ya jirani. Akikosea desturi, tumwambie kwa upole, kando ya watu. Na yeye pia ana wajibu: asipige picha za watoto wetu bila kutuomba ruhusa. Kumwambia hivyo si kumfukuza. Ndiyo kumtendea kama mtu mzima.

Tukumbuke pia watoto wetu walioko Lusaka, Johannesburg au Brussels. Huko wao ndio wanaoangaliwa ndani ya basi. Tunavyoomba mama wa huko awapokee, ndivyo tumpokee mtoto wa mwenzetu.

Wazee wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wa kujitolea amekuja akiliomba mwenyewe. Tumpe, na tumwite kwa jina lake.