Kikao na Utambulisho katika Programu za Java

Mtafiti wa lugha aendaye kata ya Nkunga, wilayani Rungwe, kusikiliza Kinyakyusa, haendi kijijini moja kwa moja. Kwanza huipeleka barua ya chuo chake mkoani Mbeya. Mbeya humwandikia barua ya kwenda wilayani Tukuyu. Na Tukuyu humwandikia mtendaji wa kata. Kila ofisi humfungulia jalada lake. Jalada la Tukuyu halihamishiwi Nkunga. Kinachosafiri ni barua tu.

Nimeitaja desturi hii kwa sababu yaeleza vizuri jambo ambalo huitwa "kushirikisha kikao" baina ya programu za kompyuta, jina ambalo, kwa maoni yangu, lapotosha.

Programu ya tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya Java humtambua mtumiaji kwa jina na nywila, kisha humfungulia kikao, yaani kumbukumbu ya muda iliyowekwa katika seva. Kivinjari chake hupewa namba ya kikao hicho, nayo hukaa katika kuki ambayo kwa kawaida huitwa JSESSIONID. Kanuni ya Java ni kwamba kikao ni mali ya programu moja tu. Hata programu mbili zikikaa katika seva moja, na hata zikitumia namba ileile, yaliyomo katika kikao cha moja hayapewi nyingine.

Tuchukue mfano wa DHIS2, ipokeayo takwimu za vituo vya afya nchini Tanzania, na OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Zote mbili ni za Java. Mtu azitumiaye zote hana budi kujitambulisha mara mbili, isipokuwa pawepo mdhamini wa tatu. Kwa utaratibu wa OpenID Connect, uliotolewa mwaka 2014, mdhamini humhakiki mtu mara moja, kisha huipa kila programu hati yenye sahihi. Programu huikagua sahihi hiyo, ikafungua kikao chake yenyewe.

Hapa tofauti ya maneno si jambo dogo. Aaminiye kwamba kikao ni kimoja ataamini pia kwamba akitoka katika programu moja ametoka katika zote. Seva ya Tomcat yaweza kupangwa ifanye hivyo kwa programu zilizo chini yake; lakini penye mdhamini wa nje, kufunga jalada la Nkunga hakufungi la Tukuyu. Muuguzi akiondoka kwenye kompyuta ya zamu huku kikao kimoja kikiwa wazi, atakayeketi baada yake aweza kuandika habari za mgonjwa kwa jina la mwenzake. Kwa hiyo sharti taarifa ya kutoka ipelekwe kwa kila programu.

Basi, napendekeza tuseme "kushirikisha utambulisho", na neno "kikao" tuiachie kila programu kwa kikao chake.