Kumpenda Mraibu Bila Kumlipia Madeni

Katika mitaa ya Thika kama Ngoingwa, familia yenye mraibu hushauriwa na pande mbili. Wengine husema: mvumilie, mlipie madeni, mwombee. Wengine: mfukuze, akione cha mtema kuni, ndipo atatia akili. Mashauri haya yanapingana, ila yote huichukulia familia kuwa mtazamaji anayengoja mtu abadilike mwenyewe. Utafiti hauungi mkono dhana hiyo. Mwaka 1999, watafiti William Miller, Robert Meyers na mwenzao Scott Tonigan walichapisha matokeo ya jaribio la New Mexico, Marekani, lililowahusu jamaa 130 wa walevi waliokataa matibabu. Jamaa waliofunzwa mbinu ya Meyers waliwafikisha kwenye tiba asilimia 64 ya walevi wao. Walioandaliwa kumkabili mlevi katika kikao cha familia walifikisha asilimia 30, kwa kuwa wengi wao hawakuthubutu kukiitisha. Waliofuata njia ya Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi, walifikisha asilimia 13, na tukumbuke Al-Anon hulenga zaidi kumtuliza jamaa mwenyewe.

Mbinu ya Meyers inahusu wakati wa kutoa na wakati wa kunyima. Siku mraibu hajatumia kileo, anaketi mezani na wengine, anapiga gumzo nao, anasindikizwa mpirani. Akirudi amelewa, gumzo linakatizwa bila matusi. Matapishi atafuta mwenyewe, na mwajiri hapigiwi simu ya kusingizia malaria. Pendekezo la tiba linatolewa akiwa mtulivu na mwenye majuto, nafasi ikiwa imeshatafutwa, maana utayari huo haudumu.

Kuna atakayesema huku ni kumhonga mraibu. Kaunti ya Kiambu, iliko Thika, iliyasikia malalamiko hayo mwaka 2018, mpango wa Kaa Sober ulipowalipa walevi shilingi 400 kwa siku kwa kazi za umma. Hoja hiyo inasahau kwamba mama anayelipa deni la mvinyo tayari anatoa tuzo, tena kwa ulevi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba heroini si pombe. Kweli, ingawa mwaka 2002 Meyers aliijaribu mbinu yake kwa jamaa wa watumiaji wa dawa za kulevya na takriban thuluthi mbili wakaingia kwenye tiba. Lakini heroini huhitaji dawa pia. Hospitali ya Karuri, humu humu Kiambu, hutoa methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kutoka Ngoingwa hiyo ni nauli nzito, na hapo ndipo fedha za familia zinapofaa, zikitumika kumsindikiza badala ya kutiwa mkononi mwake. Kumngojea afike mwisho wa shimo ni hatari: aliyekaa jela bila heroini mwili wake huwa hauhimili tena kipimo cha zamani, na akikirudia anaweza kufa. Mlevi wa kupindukia naye asifungiwe chumbani aache ghafla. Anaweza kupata degedege.

Mbinu hii haimdai mke avumilie kipigo. Penye vurugu, yeye na watoto waondoke kwanza. Mazungumzo ya tiba yatafanyika wakiwa mahali salama. Namba ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, hupigwa bila malipo.